Jinsi ya Kuipima Bei ya Msimulizi

Ukitaka kujua msimulizi wa kujitegemea ameiva kiasi gani, soma bei yake kabla hujasikiliza sampuli. Sauti nzuri wengi wamejaliwa. Bei iliyopangwa vizuri inaonyesha kwamba mwenyewe anaijua kazi tangu maiki hadi faili la mwisho.

Kwenye vitabu vya sauti kipimo kinachoaminika ni saa iliyokamilika, yaani saa moja ya usomaji atakaousikia msikilizaji. Ndivyo kazi inavyopangiwa bei kwenye ACX, soko la kazi za usimulizi la Audible, kampuni ya vitabu vya sauti, lililoanza Marekani mwaka 2011. Wao hukadiria maneno 9,300 ya Kiingereza kwa saa, kwa hiyo riwaya ya maneno 80,000 ni kama saa nane na nusu hivi. Nyuma ya kila saa hiyo kuna kupitia mswada mapema, kurekodi, kurudia ulipojikwaa, kuhariri, kisha kusikiliza tena yote ukifuatisha maandishi. Saa tano au sita za jasho kwa saa moja ya kitabu si ajabu. Asiyezihesabu atachoka kabla kitabu hakijafika nusu, na uchovu huo utausikia.

Kwa Kiswahili, wewe msimulizi, bei ya kila neno ikatae. "Hatutawaambia" ni neno moja kwenye hesabu ya kompyuta, lakini ulimi unatamka silabi saba. Toza kwa dakika. Na wewe mteja, ukimpata msimulizi anayeshikilia hilo, jua ameshasoma maandishi marefu.

Wengi huumia kwenye matangazo. Tangazo la sabuni la redio la sekunde 30 laweza kurekodiwa ndani ya nusu saa, ndipo mteja anasema "si sekunde thelathini tu?" Sekunde anazipata kwa bei ya kurekodi. Kitu cha thamani anachokichukua ni sauti yako kuambatana na sabuni yake miezi kadhaa, muda ambao mwenye sabuni nyingine hatakuita. Kwa sababu hiyo bei ya fundi ina mafungu mawili: kusoma, na haki ya matumizi. Fungu la pili linataja tangazo litasikika wapi, kwa muda gani, na kwa njia gani. Tangazo likihamia televisheni au mtandaoni, linalipiwa upya. Muda ukiisha, vilevile. Siku hizi ninatafuta pia mstari unaokataza sauti kulishwa kwenye programu za kuigiza sauti. Waigizaji wa michezo ya video wa SAG-AFTRA, chama cha waigizaji cha Marekani, waligoma Julai 2024 wakidai ulinzi wa aina hiyo, na nadhani msimulizi wa Dar es Salaam au Nairobi anauhitaji vilevile.

Marekebisho nayo yaandikwe. Kosa la msimulizi hurekebishwa bure. Mteja akibadili maneno baada ya kurekodi, alipe. Mgawo wa mirabaha badala ya pesa taslimu ukubali pale tu mwandishi anapokuwa na wasomaji wanaojulikana.

Sasa, mteja, vaa hedifoni uisikilize kazi yenyewe. Anza na kimya kati ya aya. ACX hutaka mvumo wa chumba usizidi desibeli -60. Feni au jenereta ya jirani itakwambia mapema kama studio ni studio. Pumzi zisikike kwa mbali, kwani zikikatwa zote msomaji anakuwa kama mashine. Sikiliza "ng'ombe" na "ngoma" zinavyotofautiana, "dhambi" isigeuke "zambi", na jina la mtu litamkwe mwishoni kama lilivyotamkwa mwanzoni.

Mwisho, muombe sura moja ambayo baadhi ya sentensi zilirekodiwa upya siku nyingine, asikwambie ni zipi. Sauti ikipanda ghafla, au chumba kikibadilika katikati ya aya, una haki ya kujadili bei. Usipozitambua sentensi hizo, lipa alichotaja.