Kelele za Bwalo la Folsom

Msimulizi akisema "paukwa" na pasiwe na wa kumwambia "pakawa", hadithi imekufa palepale. Darasani tulifundishwa kuwaita fanani na hadhira, mmoja anatoa, wengine wanapokea, na kwa miaka mingi niliridhika na mgawanyo huo. Aliyenitoa huko ni Mmarekani aliyeimba mbele ya wafungwa. Tangu niisikilize vizuri albamu ya Johnny Cash iitwayo At Folsom Prison, siwezi tena kusema kwa uhakika ni nani hasa aliyeitunga.

Ilirekodiwa Jumamosi ya tarehe 13 Januari 1968, katika bwalo la chakula la jela ya Folsom, California. Cash alikuwa na miaka 35, mtoto wa wakulima wa pamba wa Arkansas, na alikuwa ametoka katika kipindi kibaya cha kutawaliwa na vidonge. Wimbo uliomfungulia milango ya jela, Folsom Prison Blues, aliutunga akiwa askari wa jeshi la anga la Marekani nchini Ujerumani, baada ya kuona filamu kuhusu jela hiyo, na akaurekodi mwaka 1955. Hakuwahi kutumikia kifungo. Aliwahi kulala mahabusu siku moja moja, basi. Lakini wafungwa waliousikia wimbo ule walimwandikia barua kumwomba aende akawaimbie, naye akaenda, jela moja baada ya nyingine, kwa miaka kama kumi kabla ya rekodi ya Folsom. Kurekodi huko ndiko kulikochelewa, mpaka Bob Johnston alipokuwa prodyuza wake na kulikubali wazo hilo.

Wapenzi wa kantri wa Kenya waliolelewa na sauti laini za Jim Reeves na Don Williams huenda wakaiona sauti ya Cash kavu. Ni kavu kweli, na muziki wake nao hauna mapambo. Luther Perkins anadonoa nyuzi nene za gitaa moja moja, kama mtu anayehesabu. Marshall Grant yuko kwenye besi, W.S. Holland kwenye ngoma. Cash mwenyewe alikuwa na hila aliyoanza nayo zamani, kabla hajawa na mpiga ngoma: anachomeka kipande cha karatasi kwenye shingo ya gitaa, chini ya nyuzi, kisha anacharaza. Nyuzi zinapoteza mlio, zinabaki na mkwaruzo wa kavukavu unaokwenda kama treni iliyoshika mwendo. Kwa karatasi tu, gitaa limegeuka ngoma. Napenda mafundi wa namna hiyo, wanaojua kutumia kidogo walichonacho.

Ufundi mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa kuacha. Studio yoyote ingeyafuta matangazo ya kipaza sauti cha jela yanayoingia katikati ya onyesho, mfungwa fulani anaitwa kwa namba yake aende mapokezi. Hapa yameachwa. Ukisikia namba ile inasomwa, ukumbi wa burudani unatoweka masikioni, unabaki bwaloni na watu wasioitwa kwa majina. Katika Dark as the Dungeon, wimbo wa wachimba makaa ya mawe, Cash anashikwa na kicheko katikati ya ubeti. Nacho kimeachwa. Kisha unakuja 25 Minutes to Go, kisa cha mtu anayehesabu dakika zilizobaki kabla ya kunyongwa. Msikilizaji wa nje anaweza kuingiwa na huzuni, lakini wafungwa wanacheka na kushangilia kila dakika inapopungua. Wanacheka kicheko cha watu wanaolijua jambo lenyewe kwa karibu mno, na ndicho kinachoufanya wimbo ule uwe mzito.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza. Karibu na mwanzo wa Folsom Prison Blues, pale msimulizi anapokiri kwamba aliua mtu mjini Reno ili tu amwone akifa, kwenye santuri unasikika ukelele mkali wa furaha. Mamilioni ya wasikilizaji wametetemeshwa na ukelele huo. Wafungwa hawakuupiga pale. Ulipachikwa baadaye, kanda zilipokuwa zikihaririwa. Mwaka 2008 maonyesho yote mawili ya siku ile yalitolewa kamili, na pale pale penye mshororo ule wafungwa wamenyamaza. Askari walikuwa ndani, wanawatazama, na mfungwa mwenye akili alijua wapi pa kupiga kelele na wapi pa kujizuia.

Aliyewahi kukaa ukumbini pwani kwetu, usiku wa taarabu, hatashangaa. Fumbo likitolewa, wako wanaoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, na yuko mmoja anayebaki kitini akitazama chini. Huyo aliyekaa ndiye aliyeelewa kuliko wote. Kimya kingi kina mshindo, na kwa maoni yangu prodyuza alifukia sehemu ya kweli kuliko zote za siku ile. Aliwapa wasikilizaji wa nje wafungwa waliotaka kuwasikia: wakali, wanaofurahia damu. Na walinunua kwa wingi. Wimbo ulipanda hadi namba 1 kwenye orodha ya kantri ya Marekani, japo Juni ya mwaka 1968, mwanasiasa Robert Kennedy alipouawa, baadhi ya redio ziliacha kuupiga kwa sababu ya mshororo huohuo, ikabidi utolewe upya bila hayo maneno.

Wimbo wa mwisho hauna haja ya kupachikwa kitu. Unaitwa Greystone Chapel, unahusu kanisa dogo la mawe lililomo ndani ya jela, na mtunzi wake, Glen Sherley, alikuwa mfungwa wa Folsom. Mchungaji aliyekuwa akiwahudumia wafungwa alimpelekea Cash kanda yake usiku wa kuamkia onyesho. Cash na wenzake wakajifunza wimbo usiku uleule. Asubuhi Sherley alikuwa amekaa mstari wa mbele, hajui lolote, mpaka alipotajwa jina. Cash akainama, akampa mkono, akaanza kuimba maneno ya mtu aliyekaa chini yake. Sikiliza anavyouimba, kwa uangalifu, kama mtu aliyeazimwa kitu. Siku ile bwaloni, msikilizaji mmoja alikuwa ndiye mtunzi.

Sherley aliachiwa mwaka 1971, akafanya kazi na Cash kwa muda. Maisha ya nje yalimshinda, akajiua mwaka 1978.

Ukiipata albamu hii, tafuta toleo la mwaka 2008 lenye maonyesho yote mawili. Mara ya kwanza msikilize Cash. Mara ya pili mwache aimbe, wewe sikiliza bwalo.