Tairi la Lemon Gaba kwenye lami ya Nimule

Ukiendesha gari lenye tairi kipara ndani ya Lemon Gaba, mtaa wa Juba, unaweza kumaliza mwaka mzima bila kuona madhara yake. Njia za ndani ni za vumbi, zina mashimo na makorongo ya maji ya mvua, na dereva hawezi kwenda kasi. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, tairi likiisha upepo gari huyumba kidogo, unashuka na kutafuta fundi pancha. Ndiyo maana ubovu huo huvumiliwa. Hesabu hubadilika siku gari lile lile linapopelekwa Nimule, mji wa mpakani.

Barabara ya Juba–Nimule, kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, ikawa barabara kuu ya kwanza ya lami nchini Sudan Kusini. Tairi la gari dogo la saizi 195/65 R15 husogea karibu mita 2 kila linapozunguka mara moja. Mpaka ufike mpakani limeshazunguka kama mara 96,000, na kila mzunguko ubavu wake umejikunja na kujikunjua. Ukishika kilomita 100 kwa saa, hiyo ni mikunjo 14 kwa sekunde. Kila mkunjo huzaa joto. Upepo ukipungua, mkunjo huwa mkubwa zaidi, na joto huingia kwa kasi kuliko mpira unavyoweza kulitoa. Na hapa Juba joto lenyewe liko nje tayari: Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa hofu ya nyuzi 45.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa maafa. Agosti 2000, kampuni ya matairi ya Firestone ilirudisha kiwandani matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Tabaka la nje, lile lenye kashata, lilikuwa likibanduka gari likiwa kwenye mwendo, na gari likipinduka. Vifo 271 vilihusishwa na matairi hayo. Mengi yalibanduka kwenye majimbo ya joto kama Arizona, Texas na Florida. Ford ilikuwa imewashauri wateja wajaze upepo wa PSI 26. Firestone yenyewe ikataka 30. Kiwanda kilikuwa na makosa yake, lakini ukiangalia mchanganyiko ule, yaani upepo mdogo, jua kali, mzigo na mwendo mrefu wa kasi, ni safari ya Nimule tupu.

Tofauti ni kwamba tairi letu linaanza safari likiwa limeshaumia. Mawe ya barabara za vumbi hukata ubavu. Shimo likigongwa kwa nguvu, nyuzi za ndani hukatika na ubavu hutoa tumbo. Wakati wa matope dereva hupunguza upepo ili gari lisizame, jambo la busara kabisa, kisha anaingia kwenye lami na upepo ule ule. Wapo pia wanaosimama njiani, wakagusa tairi, wakaliona la moto na kupunguza upepo wakiogopa litapasuka. Hapo ndipo wanapoliua. Shinikizo hupanda lenyewe tairi likipata moto, na kipimo kilichowekwa na kiwanda kimezingatia hilo. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi.

Mvua zikianza Aprili, tatizo la pili hujitokeza. Chukua tairi lile lile, upana wa milimita 195, likipita kwenye maji ya kina cha milimita 3 kwa kilomita 80 kwa saa. Linapaswa kusukuma kando kama lita 13 za maji kila sekunde. Kazi hiyo hufanywa na mifereji ya kashata, ambayo kwa tairi jipya ina kina cha milimita 8 hivi. Ulaya sheria inadai isipungue 1.6. Kwenye kipara maji hayana njia. Yanajibana chini ya mpira, tairi linapanda juu yake, na usukani unakuwa mwepesi ghafla.

Sasa ongeza hili. Sudan Kusini tunaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi yaliyoletwa yana usukani kulia. Dereva anayetaka kulipita lori lazima alitoe gari karibu lote ndipo aone mbele. Akikuta basi linakuja, anafunga breki na kurudi kwa nguvu, yote kwa wakati mmoja. Ni matendo machache ya udereva yanayodai mshiko wa tairi kama hilo.

Nina ugomvi na desturi ya kufunga matairi mawili mapya mbele na kuacha vipara nyuma. Mbele pakiteleza, gari hukataa kona, dereva anahisi, anapunguza mwendo. Nyuma pakiteleza, mkia hutangulia na gari hujigeuza kabla hajajua. Mazuri yafungwe nyuma.

Kuna ufundi wa kuchonga mifereji mipya kwenye kipara kwa kisu cha moto. Mpira uliobaki chini ya mfereji ndio ngozi ya mwisho inayofunika waya. Fundi akishachonga, waya ziko karibu uchi. Baadhi ya matairi ya malori hutengenezwa na mpira wa ziada kwa kazi hiyo, na huandikwa REGROOVABLE ubavuni. Tairi la gari dogo halina akiba hiyo.

Ukinunua tairi la mtumba, usitazame kashata tu. Tafuta neno DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na hapo nyufa nyembamba huonekana ukiukunja. Pitisha kiganja ubavuni, nje na ndani, ukitafuta tumbo. Chungulia mifereji: vibonge vidogo vilivyo chini vikiwa sawa na uso wa tairi, limekwisha. La namna hiyo likatwe ubavu kwa kisu pale pale kibandani. Mshona akala atalinunua hivyo hivyo, na hakuna atakayelifunga tena kwenye rimu.