Alama sita za mstari mpya

Ukibofya kiungo cha barua pepe kwenye tovuti, barua mpya hufunguka ikiwa imeshajazwa: anwani ipo, kichwa kipo, na pengine hata orodha ya bidhaa iliyopangwa mstari kwa mstari. Mistari hiyo imepita kwenye tundu dogo, kwa ustadi ambao haujitangazi.

Kiungo hakina nafasi ya kubeba mstari mpya. Mwandishi wa ukurasa akibonyeza Enter katikati yake, kivinjari huufuta mkato huo kimyakimya, na maneno ya mistari miwili yakagandana. Kwa hiyo fundi huandika hivi:

mailto:duka@example.com?subject=Oda&body=Mchele%20kilo%202%0D%0ASukari%20kilo%201

Itazame %0D%0A. Alama ya asilimia hutangulia namba ya herufi, iliyoandikwa kwa mfumo wa kuhesabu kwa 16: 0D ni 13, na 0A ni 10. Zote mbili ni urithi wa teleprinta. Ya kwanza ilirudisha kigari mwanzo wa mstari, ya pili ikasogeza karatasi. Mashine hizo zimeshaondoka maofisini, lakini barua pepe bado hutenganisha mistari yake kwa jozi hiyohiyo, na kanuni ya viungo hivi, RFC 6068 ya mwaka 2010, inaiagiza.

Hapo ndipo ninapokivulia kofia kivinjari. Kilichofuta mkato wa wazi hakiigusi jozi iliyofungwa. Kama tarishi mwaminifu, hukabidhi bahasha kwa programu ya barua pepe bila kuichungulia, na programu hiyo ndiyo huifungua na kuipanga mistari.

Uaminifu huo una mipaka yake. Jozi ileile ikipenyezwa kwenye kichwa cha barua ni hatari, kwa sababu kila sehemu ya juu ya barua pepe huishia mwisho wa mstari. Mjanja angeweza kuchomeka hapo mpokeaji wa siri. Kanuni yenyewe inashauri mstari mpya utumike ndani ya mwili wa barua tu.

Wapo wanaoandika %0A peke yake, na programu nyingi huwastahi. Wewe unayetengeneza tovuti, usitegemee hisani: andika alama zote sita, kisha ujaribu kiungo chako kwenye simu na kwenye kompyuta kabla mteja hajakibofya.