Mfumo wa Samaki na Mboga Uhukumiwe Julai

Akwaponiki ya nyumbani, samaki wa mapambo chini na mboga juu, maji yakizunguka kati yao, usiihukumu mchana wa jua. Nenda kuikagua Julai, saa kumi na mbili asubuhi, hapa Iyunga, Mbeya, wakati joto la usiku limeshuka chini ya nyuzi 10. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali mifumo mingi tunayoiona kwenye picha imejengwa na watu wa sehemu za joto. Anayeiga ya Dar es Salaam huiga pamoja na samaki wake, na taabu huanzia hapo.

Sato hupunguza kula maji yakifika nyuzi 16 hivi, na yakishuka mpaka 11 au 12 huanza kufa. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanavutia kuliko samaki yeyote wa tangi la kioo, na Matema, ufukweni mwa ziwa hilo, si mbali, lakini ziwa lao lina joto la nyuzi 24 hadi 28 na maji yenye pH karibu 8. Mboga hutaka pH kati ya 6 na 7. Ukimridhisha mmoja unamtesa mwenzake, tena utalipia umeme wa kupasha maji mwaka mzima. Mbuna waachwe kwao.

Anayetufaa ni samaki wa dhahabu, aliyefugwa China kwa zaidi ya miaka 1,000. Maji yakipoa hupunguza mwendo na kula, akasubiri jua. Chagua wale warefu wenye mkia mmoja. Wale wa mviringo wenye mikia ya shela wanapendeza, ila baridi huwasumbua tumbo, wakapinduka na kuelea. Samaki mzuri husimamisha pezi la mgongo, hupumua kwa matamvua yote mawili sawasawa, na mwili wake hauna vidoadoa vyeupe kama chembe za chumvi. Muulize muuzaji kama amewatibu kwa dawa, hasa ya shaba, kwa kuwa dawa hiyo huweza kudhuru bakteria wa mfumo na huishia kwenye mboga utakazokula. Samaki wageni wakae wiki 2 au 3 kwenye diaba lao peke yao.

Sasa angalia samaki wako wapi asubuhi hiyo. Wakitulia katikati au chini, vizuri. Wakiwa juu wamepanua midomo, hewa haitoshi. Kwenye maji ya nyuzi 20, pwani oksijeni huweza kufika miligramu 9 kwa lita. Kwa mwinuko wetu hufika 7 na ushee tu, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Pampu inayotosha Tanga inaweza isitoshe hapa. Fundi mzuri huyaangusha maji kutoka juu kidogo ili yajichanganye na hewa, na huweka kipuliza hewa cha betri kwa ajili ya saa ambazo umeme umekatika.

Baada ya hapo, kitanda cha kokoto. Ndicho kiini cha kazi yote, na wauzaji wengi huwa hawakigusi wanapokuonyesha. Bakteria walioshika kwenye kokoto hugeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo mmea unaila. Kina kiwe sentimita 30 hivi. Chimba kwa vidole mpaka chini, toa konzi moja, unuse. Kitanda kilichokomaa hunuka udongo uliopata mvua, na ukikuta minyoo humo furahi. Harufu ya yai viza maana yake uchafu umejaa na hewa haipiti. Hapo hata mboga zikiwa za kijani namna gani, usinunue. Vipimo vya matone vikisema amonia sifuri, nitriti sifuri, na nitrati ipo, mfumo unafanya kazi.

Kokoto zenyewe zikamulie limau. Zikitoa povu ni za chokaa, nazo zitapandisha pH bila kukoma. Sisi tuna bahati ya volkano: yale mawe mepesi yenye matundu, ya kusugulia visigino, yanatoka kwenye milima yetu ya Rungwe na jirani zake. Matundu hayo ni makazi mazuri ya bakteria, na kitanda hakilemei meza. Yaoshe mpaka maji yatoke safi, na yale yanayoelea yaloweke kwanza. Maji ya mvua ya bati ni laini mno. Bakteria wanapofanya kazi hutengeneza asidi, na pH ikishuka chini ya 6 wanalegea. Mfuko wa maganda ya mayai yaliyopondwa, ukining'inizwa kwenye maji, husaidia kuizuia isishuke.

Kwenye mboga ndipo watu hudanganyika zaidi. Mita moja ya mraba ya mboga za majani huhitaji chakula cha samaki gramu 40 hadi 50 kwa siku. Samaki wa dhahabu 10 wa gramu 30 kila mmoja hula kama gramu 6. Hizo zinalisha eneo lisilozidi beseni pana. Kwa hiyo ukiona tangi dogo la kioo na meza ndefu ya chainizi iliyonawiri, uliza mbolea inatoka wapi. Mfumo wa kweli wa samaki wa mapambo ni mdogo: mashina machache ya chainizi, mnanaa, giligilani. Majani ya zamani yakigeuka manjano, nitrojeni imepungua. Machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, kinakosekana chuma. Ng'oa shina moja: mizizi iwe myeupe, isiteleze.

Vifaa havitaki maneno mengi. Tangi lisipitishe mwanga, maana kioo kikipigwa jua huota ukijani. Pipa liwe lilibeba chakula, kamwe lisiwe la kemikali. Viungio vya shaba na mabomba ya zinki vikae mbali.

Ukijenga wa kwako, anza Septemba mwishoni, joto linaporudi, kwa sababu bakteria huzaliana polepole sana kwenye maji ya baridi. Maji ya bomba yaache wazi siku 2 klorini itoke. Tia samaki 2 tu, walishe kidogo, pima amonia na nitriti kwa wiki 6 hadi 8, na wengine waongeze baada ya vyote kurudi sifuri. Kufikia Juni kitanda kitakuwa kimekomaa. Hapo punguza chakula kadiri maji yanavyopoa, na yakishuka chini ya nyuzi 10 usiwape kabisa.