Kalamu, Wino na Simu: Utenzi wa Kikristo Mbele ya Teknolojia

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza suala ambalo wahubiri hulizungumza mara kwa mara, nao wahakiki hulipita kando: imani ya Kikristo, ikutanapo na utamaduni na vyombo vya wakati wake, huvipokea kwa namna gani? Wahubiri wengi hulijibu kwa upande wa maudhui peke yake. Ujumbe, wasema, ni ule ule. Chombo ni mfereji tu. Mwanafunzi wa fasihi hawezi kuridhika na jibu hilo, kwa kuwa amefunzwa kwamba fani na maudhui haviwezi kutenganishwa. Sisi tutautumia utenzi kuwa kipimo chetu.

Yafaa tuanze na jadi ya pwani. Mtunzi wa utenzi hakurukia kisa. Kwanza alilitaja jina la Mungu. Kisha, mara nyingi, aliagiza wino na karatasi. Ndipo akaingia katika hadithi au mawaidha yake. Na alipokaribia kumaliza alijitambulisha, akaomba radhi au dua. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamwita bintiye aketi karibu naye na wino na karatasi, na mwishoni anautaja mwaka wa Hijra, 1275. Wapo wanaoziona sehemu hizi kuwa kaida tupu. Kwa maoni yetu, kaida hii ni hoja. Chombo cha kuandikia kinatajwa waziwazi, lakini kinawekwa mahali pake: baada ya Mungu, kabla ya neno, na baina ya watu wawili wanaojuana.

Wamisionari wa Kikristo walileta chombo kingine. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo. Huko Unguja, Edward Steere alisimamisha mtambo wa kupiga chapa, na miongoni mwa walioutumikia walikuwamo vijana waliokombolewa utumwani. Agano Jipya lilitoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo cha Steere. Biblia nzima ikafuata mwaka 1891. Nayo tafsiri ya muungano ikatoka mwaka 1952. Hapana shaka kwamba faida yake kwa lugha yetu ilikuwa kubwa. Hata hivyo, Kanisa liliazima Kiswahili cha pwani na kwa sehemu kubwa likauacha ushairi wake mlangoni. Nyimbo za ibada zilitafsiriwa ili ziingie katika tuni za Ulaya, na kila mwenye sikio anajua jinsi mkazo wa neno la Kiswahili, ambao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, unavyoteswa na tuni isiyoujua.

Kwa sababu hiyo twamheshimu Mathias Mnyampala. Mgogo huyu wa Dodoma, Mkristo wa bara, alitoa *Utenzi wa Enjili Takatifu* mwaka 1963 na *Utenzi wa Zaburi* mwaka 1965. Tarehe 4 Desemba mwaka huo wa 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati mbili kwa siku moja: moja juu ya vyombo vya mawasiliano ya jamii, na nyingine juu ya liturjia, iliyofungua mlango kwa lugha za watu. Maaskofu walizitenga hoja hizi mbili katika hati mbili. Mnyampala alikuwa amekwisha kuzikutanisha katika ubeti: kitabu cha chapa kilichobeba Injili katika bahari iliyokomazwa na Waislamu wa pwani. Kazi hiyo haikuwa rahisi. Mtunzi aliyefungwa na Maandiko hana uhuru wa kuzua. Kila kina kinamlazimu kuchagua baina ya neno la Injili na sauti ya ubeti. Lakini kule kujitia chini ya sheria za mizani na vina ndiko kuuheshimu utamaduni wa wenyeji. Imani haikuja kama mgeni aletaye kiti chake mwenyewe. Ilikubali kuketi mkekani.

Je, mbele ya simu ya leo imani hiyo inaketi wapi? Makanisa ya Kenya yalipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, ibada zilihamia redioni, katika televisheni na simuni. Wagonjwa na wazee walifarijika, na hatuna budi kukiri kwamba Biblia iliyorekodiwa kwa sauti imemrudishia kipofu Maandiko. Lakini tazama umbo linalotawala simuni: mstari mmoja wa Biblia, umekatwa katika sura yake, umebandikwa juu ya picha ya mapambazuko, umesambazwa na mtu asiyeujua mwanzo wake wala mwisho wake. Utenzi hauwezi kutendewa hivyo bila kulalamika. Kina cha mwisho cha kila ubeti hufunganishwa na cha ubeti ufuatao hadi tamati; ukiung'oa mmoja, sikio husikia pengo. Umbo lenyewe linailinda maana.

Tena siku hizi ipo mitambo ya akili unde, ambayo yaweza kuhesabu mizani minane na kusaka vina kwa muda wa kufumba na kufumbua jicho. Mwezi Januari 2025, Vatikano ilitoa waraka uitwao *Antiqua et nova*, ukisisitiza kwamba akili ya binadamu ni ya mtu mwenye mwili, aishiye katika uhusiano na wenzake. Mhakiki wa Kiswahili anaweza kulithibitisha jambo hilo kwa ushahidi wa fani. Mtambo waweza kuandika kwamba unaagiza wino. Hauna binti wa kuuleta. Waweza kuandika kwamba unaomba radhi. Hauna kosa wala jina la kutia katika beti za mwisho. Mizani itatimia, na utenzi utakuwa umekosa mwenyewe. Kwa dini isemayo kwamba Neno alifanyika mwili, upungufu huu si mdogo.

Hatusemi kwamba waumini wazitupe simu zao. Tunalosema ni kwamba watunzi wa pwani walikwisha kutuonyesha adabu ya chombo, na Mnyampala akaonyesha kwamba Mkristo anaweza kujifunza kwao. Anayehubiri kwa simu na akitaje chombo chake, amtaje aliyeandika, na asimame nyuma ya neno lake kwa jina lake. Washairi nao watunge tenzi za kusikilizwa simuni, zikiimbwa kwa sauti ya mtu, tangu dua ya kwanza hadi radhi ya mwisho.