Memori Kadi ya Megabaiti 8

Kibanda kilikuwa nyuma ya soko la Taveta, upande wetu wa Bomeni, kimeegemea ukuta wa duka la mbolea. Ndani mlikuwa na televisheni mbili za chogo, PS2 mbili zilizofungwa chipu, na benchi moja la mbao lililong'arishwa na suruali zetu za shule. Mechi shilingi 10. Aliyefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki, na mkitoka sare mnapigiana penalti huku mwenye kibanda akiangalia saa kama refa aliyehongwa. Jumatano na Jumamosi, siku za soko, vijana wa upande wa Holili waliovuka na mama zao walijazana humo, na hapo ubishi ulinoga, kwa sababu sisi tulikuwa na Gor na Ingwe, wao walikuwa na Simba na Yanga, na hakuna hata moja kati ya hizo nne iliyokuwemo kwenye gemu.

Basi tulizitia wenyewe.

Naanzia hapo kwa sababu nataka kuongea kuhusu eFootball, gemu ya mpira ya kampuni ya Kijapani ya Konami, na kuhusu watu wa rika langu ambao wameacha kuiamini kampuni hiyo. Mashabiki wa Ulaya wakilalamika kuhusu Konami, mara nyingi wanalilia nyuso, nyasi na jezi. Si kwamba wamekosea. Lakini mimi kilio changu kiko kwingine, na nilichukua muda kukijua.

Kwanza sifa, maana zinastahili. PES 6 ya mwaka 2006 ilikuwa na kitu ambacho sijakiona tena: mpira wenye uzito wake. Mpira haukunata mguuni. Ukipiga pasi ya kupenyeza ukiwa umegeuka vibaya, ilikwenda vibaya, na hukuwa na wa kumlaumu. Adriano wa Inter alikuwa na nguvu ya shuti 99, na kila mtaa ulikuwa na sheria yake juu yake. Kwetu, ukimchagua Inter unampa mwenzako nafasi ya kuanza na mpira. Haikusaidia. Yule jamaa alipiga kutoka mbali golikipa akabaki anaangalia tu.

Konami hawakuwa na pesa za leseni kama wapinzani wao wa EA, waliokuwa na jina la FIFA. Kwa hiyo Liverpool wakaitwa Merseyside Red, Chelsea wakaitwa London FC, na ukianza Master League ulikabidhiwa timu ya watu wasiokuwepo duniani: Ivarov golini, Minanda katikati, Castolo mbele. Wenye FIFA walitucheka. Lakini ukosefu huo ndio uliotufungulia mlango, kwa sababu ilibidi gemu ikupe uwezo wa kusahihisha. Palikuwa na sehemu nzima ya kuhariri: majina, jezi, nembo, sura, urefu, kasi. Konami waliiweka ili Mwingereza aandike "Liverpool". Sisi tukaandika "Gor Mahia". Merseyside Red kwa sababu ya wekundu wake ikawa Simba kila Jumatano, na Alhamisi mtu akairudisha.

Hata kabla ya hapo tulikuwa tunatafuta watu wetu ndani ya mashine ile. Auxerre ilichaguliwa na watoto wasiojua iko wapi, kwa sababu Dennis Oliech alikuwa Auxerre. McDonald Mariga alipokwenda Inter mwaka 2010, na Inter ikabeba kombe la mabingwa wa Ulaya mwaka huohuo, basi ile sheria ya Adriano ikabidi iandikwe upya kwa heshima ya taifa, ingawa Adriano mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Kaka yangu alikwenda mbali zaidi. Siku moja baba alitufuata kibandani na fimbo, mbele ya watu, mbele ya wa Holili! Jioni ile kaka akarudi peke yake, akamtengeneza baba. Akamweka wingi ya kulia kwenye timu yetu ya Master League, jezi namba 7, urefu wake halisi, kasi 99, na mguu wa kushoto akamwekea alama ya chini kabisa, kwa sababu alisema mzee nguvu zake zote ziko mkono wa kulia. Tulicheka wiki nzima. Kisha baba akaanza kufunga. Misimu minne tulikuwa naye. Yote hayo yalikaa ndani ya memori kadi ya megabaiti 8, ambayo kaka aliilipia kidogokidogo na kuitunza kwenye mkebe wa Kiwi, chini ya kitanda.

Ile kadi ndiyo hoja yangu.

Konami ya wakati ule, iwe kwa hisani au kwa biashara tu, iliwakumbuka wasio na pesa. PS3 ilitoka 2006, lakini PES iliendelea kutengenezwa kwa PS2 mpaka PES 2014, iliyotoka 2013. Miaka 7! Ndiyo maana kibanda chetu kiliishi. Mwenyewe ulinunua sidii, halali au ya Mombasa mnaijua wenyewe, ukaondoka nayo, na hakuna mtu Tokyo aliyeweza kuingia kibandani Bomeni na kukwambia imekwisha.

Dalili za kubadilika zilikuwepo, ila sisi wa mpira hatukuziona kwa sababu zilitokea nyumba ya jirani. Mwaka 2015 Konami ilifuta mradi wa Silent Hills, ikaiondoa dukani P.T., ile gemu fupi ya kuonja ambayo watu walikuwa wanaitetemekea, na kabla mwaka haujaisha Hideo Kojima, baba wa Metal Gear, akawa ameshaachana nayo. Waliokuwa na P.T. kwenye mashine zao walibaki nayo, ukiifuta, basi. Mwaka 2018 ikaja Metal Gear Survive bila Kojima, na humo ukitaka nafasi ya pili ya kuhifadhi mchezo wako unatoa kama dola 10. Soma tena sentensi hiyo ukikumbuka ule mkebe wa Kiwi. Mwaka huohuo 2018 Konami na UEFA wakaachana, wimbo wa mabingwa ukahamia kwa EA. Tulihuzunikia wimbo. Tungehuzunikia ile nafasi ya kuhifadhi.

Halafu 2021. Mwezi wa Julai Konami ikatangaza kuwa jina la PES linakufa, gemu mpya itaitwa eFootball, itakuwa ya bure. Ikatoka tarehe 30 Septemba. Ilikuwa aibu. Timu 9 za kuchezea. Wachezaji wenye sura zilizoyeyuka, picha za Messi na Ronaldo zikageuka vichekesho dunia nzima. Mpira ukipita katikati ya miguu ya beki kama moshi. Kwenye duka la Steam ikashuka mpaka mkiani, ikawa gemu yenye maoni mabaya kuliko zote zilizokuwemo. Konami wakaomba radhi, wakaahirisha toleo kamili kutoka Novemba, likaja Aprili 2022. Master League waliahidi italetwa baadaye kama nyongeza ya kulipia. 2022 ikapita, 2023 ikapita.

Lakini sitaki kuishia kwenye kichekesho cha nyuso, kwa sababu nyuso walizirekebisha. Nimeicheza eFootball ya sasa kwa simu miezi mingi na, tuseme ukweli, uwanjani si mbaya. Pasi ndefu zimerudi kuwa na akili. Beki mzuri analipa. Kuna dakika, labda tatu kwa mechi, ambazo unausikia ule uzito wa zamani kidoleni, na hapo ndipo inapouma zaidi.

Tatizo ni kwamba hakuna kitu chako humo. Bila intaneti huendi popote. Sasisho likija unapakua au unakaa nje, na bando ni pesa. Yale mambo ya kuandika Gor ukaweka na jezi ya kijani mpaka roho ikatulia, hayapo. Wachezaji wanakuja kwa sanduku: unatoa sarafu, unazungusha, mara nyingi ndani mna 150 na watatu tu ndio unaowataka. Na kati ya hao wanaotafutwa nimemkuta nani? Adriano. Adriano yuleyule wa Inter, mwenye shuti lilelile, anauzwa kwa bahati nasibu kwa watu wazima ambao walikuwa naye bure kwenye benchi wakiwa darasa la sita.

Hapa watu husema Konami imeisaliti asili yake. Sina uhakika. Kampuni hii ilianzishwa na Kagemasa Kozuki mwaka 1969, kazi ikiwa kukodisha na kutengeneza mashine za muziki, zile za kutumbukiza sarafu. Leo hii, mbali na gemu, inatengeneza mashine za kamari za makasino. Sarafu iingie, kitu kilie: hilo ndilo lililokuwa jambo lao tangu mwanzo. Labda kilichokuwa cha ajabu ni ile miaka ya katikati, miaka ya kadi na kuhariri, na sisi tukaichukua kuwa ndiyo sura yake. Kwetu Kenya tuliziona zile mashine ndogo za kamari zilivyosambaa vijijini, zikikaa pembeni ya duka la unga, watoto wamezizunguka na sarafu za kumi. Kumi ileile ya mechi moja. Tofauti ni kwamba ukifungwa kibandani, umefungwa na mtu, na anakucheka, na kesho unarudi ukiwa umejifunza. Ukifungwa na sanduku umejifunza nini?

Mpwa wangu ana miaka 12 na hoja hii haimgusi. Kwake eFootball haijawahi kumsaliti, ndivyo gemu zilivyo. Nilipomweleza kuhusu kuhariri aliuliza, "Mjomba, sasa si ungeweka kila mtu 99?" Nikamwambia ndiyo, ungeweza. Akaniangalia kama mtu aliyekuwa na ufunguo wa benki akaenda kununua mandazi. Na Konami hawana sababu ya kuniogopa mimi. Wametangaza wenyewe kuwa eFootball imepakuliwa zaidi ya mara milioni 750. Wale tunaolia ni tone.

Kuna jambo moja linalovuruga makala hii, na ningeliacha kama ningeweza. Kaka yuko Doha, mwaka wa sita sasa, ulinzi wa usiku. Baba alifariki akiwa huko, na hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Wiki chache baada ya matanga alinitumia ujumbe wa sauti, si kuhusu baba. Alisema, "Dogo, pakua eFootball, tucheze." Nilikuwa nimeapa siipakui. Nikaipakua.

Tulicheza kimya. Intaneti ya Bomeni jioni ile ilikuwa inasuasua, wachezaji wakisimama na kuruka mbele kama filamu iliyokatika, yeye akanifunga mawili ya upuuzi. Mechi ilipoisha akatuma sauti nyingine, anacheka, anasema bado nakimbilia kona kama zamani. Kadi ya megabaiti 8 haikuweza kutufanyia hivyo. Ilihitaji watu wawili wakae benchi moja. Hii gemu ninayoitukana hapa ndiyo iliyotukalisha pamoja, mmoja Ghuba na mmoja Taveta, usiku ambao hatukuwa na maneno. Nimejaribu kulitoshea hili ndani ya hasira yangu na halitoshei, kwa hiyo naliacha hapa kama lilivyo.

Mkebe wa Kiwi ninao. Kadi imo. Kibanda sasa ni duka la simu na M-Pesa, na mtaani nimeulizia PS2 inayosoma, fundi mmoja kaniambia anayo moja ila jicho limechoka, nije nayo tujaribu. Sijaenda. Kadi hizo huharibika bila kukwambia, na kwa sasa, mradi sijaichomeka, mzee bado yuko wingi ya kulia.

Ijumaa ni siku ya kaka ya mapumziko. Ameandika kwamba kuna sasisho jipya, nilipakue mapema.