Milimita za Pushirodi

Ndani ya injini ndogo ya V8 ya Chevrolet, ile iliyotoka Marekani mwaka 1955 chini ya mhandisi mkuu Ed Cole, zimo fimbo 16 za chuma ambazo mwenye gari anaweza kuzeeka bila kuziona. Ndizo pushirodi. Kila moja ina urefu wa milimita 198 hivi. Kupitia tapeti, hupokea msukumo wa kemshafti iliyolala katikati ya bloku na kuupandisha hadi kwenye roka, nayo roka hufungua valvu. Zina tundu katikati, na oili hupanda humohumo kwenda kulainisha roka. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pushirodi hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde.

Watu wanaoifumua injini hii ili kuiongezea nguvu hupenda kuzungumzia kemshafti, hedi na kabureta. Mimi namsifu fundi anayesimama na kuuliza: je, pushirodi za zamani bado zinafaa? Mara nyingi hazifai. Kemshafti kali huinua valvu zaidi, lakini aghalabu kimo hicho hupatikana kwa kupunguza duara la chini la kemu, kwa hiyo tapeti hukaa chini zaidi na pushirodi ndefu huhitajika. Uso wa hedi ukisagwa, roka husogea karibu na kemshafti, na pushirodi iliyokuwa sawa huwa imezidi. Gasketi nene hudai urefu, na valvu ndefu vilevile. Mambo haya hukutana katika injini moja, jingine likiongeza, jingine likipunguza, na hakuna kitabu cha vipuri kinachoweza kukwambia jibu la injini iliyo mbele yako.

Hatari yenyewe ni kwamba injini haigomi. Roka ya Chevrolet hii hukaa kwenye stadi yenye nati. Pushirodi ikizidi urefu, nati hulegezwa; ikipungua, hukazwa. Kelele za tapeti huisha, gari huwaka vizuri, mteja hulipa na kuondoka. Kumbe roka imekaa pembe mbaya. Badala ya kuigandamiza valvu wima, ncha ya roka huburuzika juu ya kichwa cha valvu na kuisukuma ubavuni kila inapofunguka. Gaidi ya valvu, yaani mrija unaoiongoza, hulika upande mmoja, oili huanza kupenya, moshi wa buluu hutoka nyuma, na mtu atakuja kulaumu ringi za pistoni zisizo na hatia.

Kinga yake ni kazi ya mikono na subira. Fundi hufunga hedi kwa gasketi ileile atakayoitumia. Huondoa springi nzito za valvu na kuweka laini, ili tapeti ya mafuta isididimie na kumdanganya. Hupaka kichwa cha valvu wino wa maka peni, huweka pushirodi ya kupimia ambayo hurefushwa na kufupishwa kwa uzi wa skrubu, kisha huzungusha injini kwa mkono, taratibu, valvu ifunguke na kufunga. Hufungua roka na kutazama. Pale ncha ilipopita, wino umefutika.

Alama hiyo ndiyo kauli ya injini. Ikiwa pana, ncha imetembea mno. Fundi hubadilisha urefu, hupaka tena, huzungusha tena. Wapo wanaohangaika alama ikae katikati kabisa ya valvu. Naona wanatanguliza la pili. La kwanza ni wembamba wake, maana mstari mwembamba unaonyesha kuwa roka inafanya kazi yake kwa mburuzo mdogo kuliko wote. Ukishaupata, pima pushirodi kwa venia, na umuulize muuzaji yeye hupima vipi: ncha ikiwa na tundu la oili, venia hukaa kwenye ukingo wa tundu na kusoma pungufu ya urefu ambao ungepatikana kama ncha ingekuwa mviringo mzima.

Katika LS1, V8 nyingine ya Chevrolet iliyotoka mwaka 1997, hakuna hata nati ya kurekebisha. Roka hufungwa kwa bolti, na urefu wa pushirodi peke yake ndio unaoamua tapeti imegandamizwa kiasi gani.

V8 hizi ni adimu Afrika Mashariki, lakini tatizo lake si geni. Peugeot 504 ya petroli na Land Rover za zamani nazo zina pushirodi, na hedi nyingi zimepelekwa kusagwa baada ya injini kuchemka na kuunguza gasketi. Skrubu ya kurekebishia iliyo kwenye roka zake humeza tofauti ndogo. Hedi ikisagwa tena na tena, skrubu hiyo huficha kosa kama nati ya Chevrolet inavyolificha, na fundi anayestahili heshima hukagua pembe ya roka kabla ya kurudisha kifuniko.

Basi wewe unayejenga injini, usiagize pushirodi siku moja na kemshafti. Funga kwanza kila kitakachobaki humo, paka wino, zungusha, soma alama, ndipo ulipie.